Nguo Niliyoichelewesha Makusudi

Nimepima vifua vya wanawake wengi kuliko daktari yeyote wa Kericho, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza cheti. Tepu shingoni, chaki nyuma ya sikio, pini mdomoni, basi. Mke wa mchungaji alivua sweta mbele yangu bila kunung'unika, na chifu mwanamke alivuta tumbo ndani akidhani tepu haijui. Tepu inajua. Kwa hiyo nyinyi mliomaliza kozi ya ushonaji juzi, mkapiga picha na vyeti vyenu mkiwa mmevaa nguo za mtumba, niliwaona. Kaeni chini kidogo.

Mwalimu wenu ameniomba niwaandikie mambo ya kazi: mbinu, makosa, na jinsi tulivyoishi kabla ya simu kuwa kitabu cha mitindo. Nitaandika. Lakini nimestaafu, magoti yangu yalinitangulia kustaafu, na sina tena haja ya kumpendeza mteja. Kuna nguo moja iliyonikaa kooni kuliko zote nilizoshona. Nitawasimulia hiyo, na mbinu mtaziokota njiani.

Aliyenifundisha ni Mzee Barnaba, aliyekuwa akishonea kwenye baraza la duka moja mjini Kericho. Mimi nilikuwa bibi arusi mpya kutoka kule ziwani, mume wangu anachochea boila kwenye kiwanda cha chai, na kazi yangu ilikuwa kukaa dirishani nikishangaa mvua. Barnaba alinuka ugoro na mafuta ya cherehani. Nilipounganisha mkono wa kushoto wa koti kwenye bega la kulia, hakunigombeza. Alilivaa lile koti, akazunguka nalo sokoni kutwa nzima, na kila aliyeuliza alimjibu kwamba ni kazi ya mwanafunzi wake mpya, yule pale, mpungieni mkono. Tangu siku hiyo sijawahi kukosea mkono wa koti.

Sheria zake zilikuwa nyingi, ila moja aliirudia mpaka ikaniingia kwenye damu. "Fundi ni kipofu," alisema. "Macho yako yaishie kwenye nguo. Mwili wa mteja haukuhusu." Maana yake ni kwamba mtu mwenye kibiongo unampandishia kola, na unanyamaza. Mwenye tumbo unamteremshia kiuno, na unanyamaza. Binti mmoja wa mzee wa kanisa nilimwongezea gauni la harusi mara tatu ndani ya wiki nne, nikaliwekea marinda chini ya kifua, na sikufungua mdomo. Mtoto alizaliwa miezi minne baada ya harusi, akiwa na afya ya miezi tisa, na kanisa zima likamsifu Mungu. Nilijiona fundi kamili. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi nililisikia la mkuu vizuri sana, na guu likavunjika vilevile.

Sasa niwaletee Bot Cherono. Ninyi mliokulia hapa mnajua kwamba Bot ni mama wa fulani, kama mimi nilivyo Mama Otieno, na Cherono ndiye kifungua mimba wake. Shamba lao la chai liko juu ya kibanda changu cha kushonea, ng'ambo ya kijito. Alikuwa mwanamke wa mifupa mipana, sauti ya kwanza kwenye kwaya, na mchunaji ambaye karani wa kituo cha majani hakuwahi kumkatalia kikapu: majani mawili na chipukizi, hakuna tawi, hakuna jani kuukuu. Alikuwa na mdomo pia. Alipoona kazi mbaya alisema ni mbaya, hata kama ni ya kwangu.

Siku moja alikuja kushonewa blauzi ya kwaya. Nilimpima, nikakata, akarudi kujaribu. Nyuma ya pazia nikaona dati ya kushoto inakunjamana. Dati, kwa wale waliosinzia darasani, ni ule mkunjo mwembamba unaolipa titi nafasi yake. Ya kulia ilikaa sawa, ya kushoto ikagoma. Nilidhani nimekata vibaya. Nikavuta kitambaa, nikapapasa, nikaangalia. Titi la kushoto lilikuwa limepanda juu kidogo kuliko mwenzake, na upande wa chini ngozi ilikuwa imeingia ndani, kama mtu aliyebonyeza kidole kwenye unga wa chapati akakitoa.

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimempima, na hakuwa hivyo. Kitabu changu cha vipimo kilikuwa palepale mezani. Nilijua kwamba hilo jambo ni geni. Aliniangalia kwenye kioo. Nilikuwa na pini nne mdomoni, na pini ni kisingizio kizuri sana cha kunyamaza.

Nikaipandisha dati inchi moja, nikaisogeza pembeni kidogo. Blauzi ikakaa.

"Imekaa?" akauliza.

"Imekaa. Njoo Ijumaa."

Na aibu yangu ni hii: nilijisifu. Ilikuwa dati nzuri kuliko zote nilizowahi kushona. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini hawakumtaja fundi anayemsaidia kuuficha.

Miezi mitano baadaye alikuja siku isiyo ya soko. Alikuwa amebeba kitambaa cha buluu iliyoiva, kizito, kizuri. Akakitandaza mezani juu ya kazi za watu.

"Fundi, hii kitambaa inatosha nguo refu?"

"Inatosha na inabaki. Ni sherehe gani?"

"Ya kuzikwa."

"Nani amekufa?"

"Bado. Ni yangu. Funga mdomo, pini itaanguka."

Nilitoa pini. Akaniambia akiwa amesimama, kwa sauti ileile ambayo mtu anaulizia bei ya vitunguu. Alikuwa ameenda hospitali kwa sababu ya maumivu ya bega. Daktari akaangalia bega, kisha akaangalia mahali ambapo hakuulizwa. Wakatoa kinyama kidogo kwa sindano, wakapima.

"Wamesema ni kansa. Wanataka kukata yote, alafu waniweke dawa ya kwa mshipa. Wamenipatia siku ya kurudi."

"Wewe ukasema nini?"

"Nikasema ng'ombe haijakamuliwa. Nikaenda nyumbani."

"Na hiyo siku ya kurudi ni lini?"

"Ilikuwa jana." Akakunja kona ya kitambaa, akaikunjua. "Mimi sikatwi, Fundi. Heri niende kwa udongo nikiwa mzima. Na bwana yangu, Arap Langat, hajui, kwa hivyo hiyo mdomo yako ifunge na zipu."

Nikampima. Tepu ilinianguka mara mbili, na yeye akaniambia nisipapatike kama kuku anayechinjwa. Alipoondoka nikafungua kitabu, nikaangalia tarehe ya ile blauzi, na nikaketi juu ya kiti cha cherehani mpaka jirani yangu muuza mboga akaja kuuliza kama nimepigwa na stima.

Wasichana, nimesoma makaratasi yanayobandikwa ukutani hospitalini. Yanaonyesha titi na mshale. Hayasemi hata neno kuhusu yale niliyoyaona kwa Bot Cherono wiki zile. Yeye hakulia. Alianza kugawa vyombo. Sufuria moja kwa dada, kuku wawili kwa kanisa. Cherono, aliyekuwa kidato cha pili, akafundishwa kwa siku moja namna ya kuandaa kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kugandishwa, mahali zilipo hati za shamba, na jinsi ya kumjibu shangazi yake. Aligombana na jirani kwa ajili ya ua, akaenda kumwomba msamaha jioni ileile, kisha akagombana naye tena kwa sababu alimsamehe kwa upole kupita kiasi. Kwenye kwaya alisimama mstari wa mbele akichezesha midomo, sauti haitoki. Na majani yake yakakataliwa kituoni. Bot Cherono! Karani alichambua kikapu akakuta matawi na majani makuukuu, na inasemekana karani ndiye aliyeomba msamaha.

Habari haikukaa ndani. Daktari hakuzungumza, mimi sikuzungumza, ila senta yetu haihitaji mtu azungumze. Wakaja wenye mizizi ya kuchemsha, wakaja wenye mafuta ya upako, akaja mmoja mwenye binamu aliyepona kwa kula mapera pekee.

"Unajua kitu inaniuma?" aliniambia. "Watu hawaniangalii kwa uso tena. Wanasalimia titi. 'Chamgei, Bot Cherono,' na macho iko hapa." Akajigonga kifuani. "Juzi nikawaambia, hii haisikii Kiswahili, ongea na mimi."

Alikuwa anacheka kwa mdomo. Macho yake yalikuwa yamekauka kwa hofu. Mimi nilimpenda yule mwanamke, na niliogopa.

Basi nikafanya kitu pekee ambacho fundi wa nguo anakiweza kuliko binadamu wote. Nilichelewa.

Mnacheka, lakini kuchelewa ni elimu. Alikuja baada ya wiki. Nikamwambia cherehani imekatika mkanda. Akaja tena. Nikamwambia uzi wa buluu ile umeisha Kericho yote. Akasema ameuona mwingi dukani. Nikasema ule ni buluu ya shule. Akaja mara ya tatu. Nikasema nimefiwa kule kwetu ziwani, na kwa kweli nilikuwa nimefiwa, isipokuwa ilikuwa mwaka wa nyuma. Kila mara nilimwambia aje Ijumaa. Moyoni nilikuwa nimejiwekea imani ya kijinga kwamba mwanamke anayejiheshimu kama yule hawezi kufa kabla nguo haijawa tayari.

Katikati ya hayo, mumewe akaja. Arap Langat ni mtu mrefu wa maneno machache. Anaweza kumaliza mazishi na harusi kwa sentensi moja. Alisimama mlangoni na kibuyu cha mursik chini ya kwapa.

"Nimeona kadi ya hospitali," akasema. "Ilikuwa ndani ya mkebe ya sukari."

Nikajifanya naingiza uzi kwenye sindano.

"Nimesikia unamshonea nguo."

"Ndiyo, Mzee."

"Watu husema wewe ni mtu ya kuchelewa."

Nikaanza kujitetea. Akainua mkono, akaweka kibuyu mezani.

"Chelewa kabisa," akasema, akaondoka.

Hiyo ndiyo rushwa pekee niliyowahi kupokea katika kazi yangu. Niliinywa yote, ingawa mursik na tumbo la mtu wa ziwani havijawahi kupatana.

Mara ya nne Bot Cherono alikuja amekasirika. Akakuta kitambaa chake kiko palepale kwenye rafu, hakijaguswa na mkasi.

"Mama Otieno, unanichezea. Nipatie kitambaa yangu nipelekee fundi ya ukweli."

Sijui maneno yalitoka wapi. Nadhani yalitoka kwenye hofu, na yakapita kwa mdomo wa ufundi kwa sababu sikuwa na mdomo mwingine. Nilimwambia hivi: siwezi kukata nguo ya mtu ambaye kipimo chake hakijaamuliwa. Nikikata ya dati mbili leo, kesho wakukate, nguo itakuvuta upande mmoja ndani ya jeneza, na kwaya yote ipite ikitazama kazi yangu mbovu. Nikikata ya dati moja na wewe uendelee kukataa hospitali, hiyo nayo haitafunga. Mimi nina jina langu sokoni. Nenda wakakate wao kwanza, upone kidonda, urudi nikupime. Hapo nitakata mimi.

Akauondoa mkono wake kwenye rafu, akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile.

"Wewe ni mtu mbaya sana," akasema.

"Ndiyo."

"Unaongea jeneza kwa uso yangu."

"Wewe ndiye uliyelileta hapa, ukalitandaza juu ya suti ya mwalimu mkuu."

Aliondoka bila kitambaa. Jumatatu Arap Langat alimpeleka hospitali, na walipokuwa wanapita mbele ya kibanda changu, Bot Cherono hakunisalimia.

Walimkata. Wakamtia dawa ya mshipani kwa miezi, nywele zikaanguka, kucha zikageuka rangi, na mara mbili tulidhani ameondoka. Mkono wa kushoto ukavimba ikabidi aache kubeba kikapu, achune kidogo kwa mkono wa kulia huku Cherono akibeba. Hapa shikeni mbinu ya kwanza, maana hamkufundishwa: mwanamke aliyetoka kwenye upasuaji huo hawezi kuinua mkono kuvaa nguo ya kupitisha kichwani. Mshonee ya kufungua mbele, vifungo vikubwa, tundu la mkono pana, na usimwachie mshono unaokwaruza kwapani. Ya pili ni adabu. Usimwulize ilikuwaje. Mpime kama unavyowapima wengine, umsifie rangi ya kitambaa, umdanganye kuhusu Ijumaa.

Aliporudi kwangu hakuzungumzia jeneza. Alivuta pazia mwenyewe.

"Nitengenezee ingine," akasema.

Nilianza na sponji ya godoro. Nilikata umbo safi, nikashona kifuko ndani ya sidiria, tukafurahi. Jumapili akaenda kanisani nayo. Sasa mnajua kwaya zetu haziimbi zimesimama kama milingoti. Kufika ubeti wa pili, wakati wa kuyumba kushoto na kulia, sponji ikaanza safari. Haina uzito, haina aibu. Kufika kiitikio ilikuwa kwenye mfupa wa shingo. Mimi niliona nikiwa benchi ya nyuma, nikajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Yeye aliishusha kwa kofi moja kama anayeua mbu, akaendelea kuimba, na nikagundua kwamba sauti inatoka.

Kwa hiyo tatizo lilikuwa uzito. Tulijaribu maharagwe, yakakaa mabonge mabonge. Tukajaribu mchele, ukamwagikia wote upande wa kwapa. Ndipo nikakumbuka wimbi, ule ulezi wa uji. Punje ndogo, laini, zinajipanga zenyewe, na ukizipakata mkononi zina ule uzito wa kitu kilicho hai. Nikashona kifuko cha pamba, nikajaza, tukalinganisha na mwenzake wa kulia, mimi nikipima kwa kiganja cha kushoto na yeye kwa cha kulia, tukibishana kama wauza nyama. Likakaa. Akainama, likainama. Akayumba, likayumba kwa adabu. Nikajiona nimevumbua kitu.

Kosa langu lingefanywa tu na mtu wa ziwani anayejifanya wa huku. Sikulikaanga lile wimbi. Ilikuwa mwezi wa mvua nyingi, akaenda kuchuna majani nalo kwa siku mbili, likalowa. Jumamosi akalifua pamoja na sidiria, na kwa sababu jua halikuwepo, akalining'iniza juu ya jiko la kuni, kwenye joto, likiwa bichi. Jumanne alikuja mbio kibandani, ameshika kifuko kwa vidole viwili, amekinyoosha mbele kama mkia wa panya. Kitambaa chote kilikuwa kimeota vijimizizi vyeupe.

"Fundi! Imemea!"

Nikakinusa. Kila mwanamke wa ukanda huu anaijua ile harufu. Loweka wimbi, lifunike, liweke kwenye joto, baada ya siku tatu una kimea. Ukisaga na kuchachusha, una busaa.

"Umenipatia titi ya pombe," akasema. "Mimi, mama wa kanisa!"

Tukacheka mpaka muuza mboga akaja, naye akaambiwa, naye akaketi chini. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikaona Bot Cherono hacheki tena. Mabega yalikuwa yanatikisika vilevile lakini uso ulikuwa mwingine. Yalikuwa machozi yake ya kwanza tangu siku alipoambiwa, na yalikuwa mengi.

"Nimenyonyesha watoto wanne na ile kitu," akasema. "Nilikuwa nimelala, wakachukua. Hakuna mtu aliniambia walipeleka wapi. Fundi, unafikiria waliitupa wapi?"

Mafundi tunasingiziwa kuiba masalio ya vitambaa, na mara nyingine tunasingiziwa ukweli. Lakini kipande hicho hakikupita mezani kwangu. Muuza mboga akaondoka kimya kimya na kuvuta mlango. Nilimshika Bot Cherono, nikalia naye, na kile kifuko cha kimea kikawa kati yetu, kinanuka.

Mbinu ya tatu, basi: wimbi likaangwe kwanza mpaka life kabisa, lipoe, ndipo ulijaze. Na kifuko kiwe cha kutoa na kurudisha, ili sidiria ifuliwe peke yake. Nimewashonea wanawake wengi tangu siku hiyo, kutoka Londiani mpaka Longisa. Siku hizi yapo matiti ya dukani, ya mpira, mazuri kweli. Asiyeyapata ana wimbi.

Ile nguo ya buluu niliikata hatimaye, kwa kipimo kipya. Niliishona kwa uangalifu kuliko nguo yoyote ya harusi. Nikaiacha bila pindo. Dawa zilikuwa bado zinaendelea na hatukujua mwisho wake, na mimi sikuthubutu kuimaliza. Ikaning'inia nyuma ya mlango, imefunikwa na mfuko wa nailoni, kwa miaka saba. Akipita barabarani aliita, "Fundi, pindo?" Nami nikajibu, "Njoo Ijumaa!" Ikawa salamu yetu. Kila baada ya miezi alirudi hospitali kuangaliwa, na akirudi akiwa salama alipita kuniuliza pindo kwa sauti ya juu zaidi.

Mwaka huu nikafunga kibanda. Nilirudisha nguo za watu, hata suruali ya mtu aliyehamia Chepseon bila kuaga. Ikabaki ya buluu. Siku ya mwisho Bot Cherono akaingia, amenenepa, nywele zimerudi na mvi zake.

"Leta nguo yangu. Jumamosi watu wa kijana wanakuja kumposa Cherono. Nitaivaa."

"Hii ya kuzikwa?"

"Kwani wao watajua?"

Haikumwenea. Ilibidi nifungue mishono ya ubavuni, na namshukuru Barnaba kwa kunifundisha kuacha kitambaa cha ziada ndani, hata kwa nguo ya marehemu. Nilipokuwa nampima nyuma ya pazia, tepu ikiwa imezunguka kifua chake, tukitazamana kwenye kioo kilekile, nikashindwa. Nilikuwa nimestaafu saa chache tu, na upofu ule wa Barnaba ukaisha pamoja na kazi. Nikamwambia. Nikamwambia niliiona ile ngozi iliyobonyea, nikasogeza dati, nikanyamaza. Nikamwambia miezi mitano ile ni yangu, na kwamba kama ningesema, pengine wangekata kidogo, pengine mkono usingevimba. Nilikuwa nalia kama mtoto na bado tepu nimeishika.

Hakugeuka. Alizungumza na mimi kwa kioo.

"Mama Otieno, hiyo mwaka nilikuwa na blauzi mbili ya kwaya. Mpya. Wewe mwenyewe ndiye ulishona."

Sikuelewa.

"Nilikuwa nimeiona nikioga. Nikaogopa kwenda hospitali, nikaogopa kuambia Arap Langat. Nikafikiria, Fundi ni mtu ya kuona. Nitajifanya nataka blauzi, avute pazia, aone. Akisema yeye, itakuwa ni ukweli, nitaenda." Akashusha mikono. "Nilikuangalia kwa kioo nikingoja useme. Ukaniambia nije Ijumaa."

Kisha akasema nimalizie ubavu wa kulia, maana baridi inaingia.

Wasichana wangu, Barnaba alikuwa fundi mkubwa na alinidanganya. Mteja anapovua nguo mbele yako, pengine blauzi si haja yake. Ukiona kitu, toa pini mdomoni useme. Utakosea mara nyingine, utatukanwa, na utapoteza wateja wenye maringo. Sema hata hivyo.

Nikaketi kwenye cherehani mara ya mwisho. Nililipinda lile pindo palepale, yeye akiwa amekaa mbele yangu akikosoa mshono, na sikumwambia arudi siku nyingine yoyote.